Wasomaji Wawili wa Skrini Moja: Historia ya Taarifa za Hali katika Programu za Kuokoa Data

Programu ya kuokoa data inayoendeshwa kwa mstari wa amri, yaani kwa amri zinazoandikwa katika terminali badala ya kubofya picha kwa kipanya, hufanya kazi ambayo yaweza kuchukua saa kadhaa, siku kadhaa au hata wiki, kwa kuwa diski inayosomwa huwa inaelekea kufa na kila sekunde ya usomaji huizidishia uchovu. Katika muda huo wote programu hutoa taarifa za hali: imefika wapi katika diski, imeokoa kiasi gani, imekutana na makosa mangapi, inasoma kwa kasi gani. Taarifa hizo zilitungwa kwa ajili ya mtu aliyeketi mbele ya skrini, lakini tangu mapema zilijipatia msomaji wa pili ambaye hakualikwa, nayo ni programu nyingine iliyotaka kuzichanganua, yaani kuyakata maandishi yale vipande vipande, kutoa namba zilizomo na kuzitumia kuamua hatua inayofuata. Jinsi wasomaji hao wawili walivyogombania skrini moja, na jinsi mmoja wao alivyokuja kupewa faili lake mwenyewe, ni sura ndogo ya historia ya kompyuta inayoanzia mbali kidogo na diski zilizoharibika.

Asili yake ni dd, programu ya kunakili data iliyojitokeza katika Toleo la 5 la mfumo wa Unix mwaka 1974, katika maabara za Bell nchini Marekani. Wakati amri nyingine za Unix hupokea chaguo zinazotanguliwa na kistari, dd huandikwa kwa mtindo wa if= kutaja faili linalosomwa na of= kutaja faili linaloandikwa, mtindo unaofanana na lugha ya kudhibiti kazi katika kompyuta kubwa za IBM, ambamo tamko la DD lilieleza data zitakazotumika; wengi wameuona mfanano huo kuwa ni utani wa wahandisi. Kazi yake ya awali haikuwa kuokoa chochote. Ilihamisha data kati ya mashine zisizoelewana, hasa kupitia kanda za sumaku zilizosomwa bloku kwa bloku, na ndiyo maana ilipomaliza haikusema imenakili baiti ngapi bali ilihesabu bloku kwa mistari miwili mifupi, kwa mfano “1024+3 records in” na “1024+3 records out”, ambapo namba ya kwanza ni ya bloku kamili, na ile inayofuata alama ya kujumlisha ni ya bloku pungufu, yaani zilizotoka fupi kuliko ukubwa ulioombwa.

Mahali pa kuiandika mistari hiyo palikuwa swali zito kuliko linavyoonekana leo. Unix ilikuwa imepata bomba mwaka 1973, yaani njia ya kupeleka matokeo ya programu moja yakawa maingizo ya programu nyingine, ilhali programu zote zilitoa malalamiko yao katika mkondo uleule uliobeba matokeo. Douglas McIlroy, aliyekuwa amelipendekeza bomba hilo, ameeleza katika maandishi yake juu ya Unix ya utafiti kwamba hali hiyo ilivumiliwa hadi Toleo la 6, la mwaka 1975, na kwamba muda mfupi baadaye Dennis Ritchie aliikomesha kwa kuanzisha mkondo sanifu wa makosa, ambao ni njia ya pili ya kutolea maandishi isiyochanganyika na data. Kwa dd utengano huo ulikuwa wa lazima, kwa sababu programu ambayo matokeo yake ni nakala halisi ya diski haiwezi kupenyeza humo hata herufi moja ya maelezo bila kuiharibu nakala yenyewe. Baadaye kiwango cha POSIX, kinachoeleza tabia ambayo mifumo ya jamii ya Unix hutarajiwa kuwa nayo kwa pamoja, kiliandika umbo la mistari ile miwili neno kwa neno, jambo lililo nadra, kwani ujumbe wa programu nyingi huachiwa mtunzi wake aupange apendavyo.

Hata ahadi hiyo ya POSIX ina mipaka, na mipaka yake ni mwanzo mzuri wa kuelewa adha ya kuchanganua. Programu ya dd ya mradi wa GNU iliongeza mstari wa tatu unaotaja jumla ya baiti, muda uliotumika na kasi, ambao kiwango hakiuzungumzii kabisa, na ujumbe wake wote hutafsiriwa kulingana na lugha ya mfumo, hata kompyuta iliyowekewa Kifaransa ikaandika “enregistrements lus” pahali ambapo ile ya Kiingereza huandika “records in”, na ya Kijerumani ikaandika “Datensätze ein”. Ndiyo sababu waandishi wa hati za amri, yaani mafaili ya amri zinazotekelezwa mfululizo, walizoea kutanguliza LC_ALL=C, tamko linaloiagiza programu iache tafsiri na desimali za kienyeji na kurudi kwenye usemi wake wa asili. Tafsiri ilikusudiwa kumhudumia msomaji wa kwanza, na ikamkosesha njia msomaji wa pili.

Kutumika kwa dd katika uokoaji kulitokana na chaguo mbili, noerror na sync, zinazoandikwa pamoja kama conv=noerror,sync, ambazo huiambia isikome inapokutana na kosa la usomaji bali iendelee, ikijaza sifuri mahali pa bloku iliyoshindikana ili data zinazofuata zibaki katika nafasi zake. Diski ya sumaku hugawanywa katika sekta, vipande ambavyo kwa miongo mingi vilikuwa vya baiti 512 kila kimoja kabla ya diski zenye sekta za baiti 4,096 kuenea kuanzia takriban mwaka 2010, na kila sekta huambatana na namba za uhakiki zinazoiwezesha diski kugundua na kusahihisha makosa madogo. Sekta inapokuwa mbovu kupita uwezo wa masahihisho hayo, diski yenyewe hurudia kusoma mara nyingi kabla ya kukiri kushindwa, na urudiaji huo waweza kula sekunde nyingi kwa sekta moja. Programu ya dd husoma kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuchagua, kwa hiyo diski yenye doa baya karibu na mwanzo wake yaweza kumalizia uhai wake wote katika doa hilo, wakati sehemu nzima nzima zilizokuwa zikisomeka vizuri hazijaguswa.

Isitoshe, dd ilikuwa bubu. Haikutoa neno hadi mwisho wa kazi, na mtu aliyetaka kujua imefika wapi alilazimika kuiulizia kwa ishara, yaani ujumbe mfupi ambao mfumo hupeleka kwa programu inayoendelea kufanya kazi. Mifumo ya jamii ya BSD ilirithi desturi ya kubonyeza Ctrl pamoja na T, iliyotoka katika mfumo wa kale wa TENEX, ambayo huifanya programu itoe taarifa yake ya hali na kuendelea. Katika Linux dd ilijibu ishara nyingine, iitwayo USR1. Tofauti hiyo haikuwa ya umbo tu, kwa maana ishara ya USR1 ikipelekwa kwa dd ya BSD, au ile ya kompyuta za Apple iliyo ya ukoo huohuo, haileti taarifa yoyote bali huiua programu papo hapo, na hati iliyoandikwa kwa Linux kwa nia ya kuuliza maendeleo kila dakika iliweza hivyo kuukatisha uokoaji wa siku nzima. Ni mwaka 2015, katika toleo 8.24 la kifurushi cha coreutils, ndipo dd ya GNU ilipopewa chaguo la status=progress, linaloonyesha maendeleo bila kuulizwa, miaka 41 baada ya programu hiyo kuonekana.

Umbo la taarifa inayojionyesha upya mahali palepale lina historia yake katika vifaa. Terminali za kwanza za Unix zilikuwa mashine za kuchapa kwenye karatasi, kama Teletype Model 33, iliyochapa herufi 10 kwa sekunde na iliyokuwa na herufi mbili tofauti za udhibiti, moja ya kukirudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni mwa mstari na nyingine ya kuisogeza karatasi. Kwenye karatasi, kurudi mwanzoni bila kuisogeza kulimaanisha kuchapa herufi juu ya herufi, lakini kwenye skrini ya kioo kulimaanisha kufuta na kuandika upya, na terminali kama VT100, iliyotolewa mwaka 1978, ziliongeza mfuatano wa herufi za udhibiti unaoweza kukipandisha kielekezi, yaani alama ya mahali pa kuandikia, mistari kadhaa juu. Kwa macho ya mtu matokeo yake ni ubao mtulivu ambao namba zake hubadilika. Kwa programu inayoupokea mkondo huo ni mstari mmoja mrefu usiokwisha, uliojaa herufi zisizoonekana, na hatua ya kwanza ya uchanganuzi karibu wote wa aina hii ikawa kuzigeuza alama za kurudi mwanzoni ziwe alama za mstari mpya na kuzitupa zile za kupandisha kielekezi. Tatizo la kuzungumza na programu inayodhani inazungumza na mtu lilikuwa limeshajulikana vya kutosha mwaka 1990, Don Libes wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, alipoitoa programu ya Expect, ambayo kazi yake ilikuwa hasa kujifanya mtu mbele ya programu nyingine.

Programu ya kwanza kati ya zile zilizotungwa mahususi kwa diski zinazokufa, na ambazo zinahusika na habari hii, ni dd_rescue ya Mjerumani Kurt Garloff, iliyoanza mwaka 1999. Wazo lake lilikuwa jepesi na zuri: kusoma kwa bloku kubwa mambo yanapokwenda vizuri, kushuka hadi bloku ndogo, ya ukubwa wa sekta, kosa linapotokea, na kurudi kwenye bloku kubwa baada ya kulivuka doa. Iliweza pia kusoma kinyumenyume kutoka mwisho wa diski, na tofauti na dd haikuwa bubu, bali iliandika mistari mitatu iliyojirudia mahali pamoja, ikitaja nafasi ya kusomea (“ipos”), nafasi ya kuandikia (“opos”), kiasi kilichohamishwa (“xferd”), idadi ya makosa (“errs”), kasi ya wakati ule na kasi ya wastani. Iliweza vilevile kuweka batli, yaani faili la kumbukumbu za safari, ambamo kila ujumbe ulitanguliwa na jina la programu na daraja lake, kwamba ni habari, ni onyo au ni ajali ya kukomesha kazi.

Upungufu wa dd_rescue ulikuwa kwamba haikuwa na kumbukumbu ya kazi yake. Ilipokomeshwa na kuanzishwa tena haikujua ni sehemu zipi zilikwisha kusomwa, na uamuzi wa kuruka doa, kuanza upya mbele yake na kurudi nyuma kulizunguka ulikuwa wa mtu, aliyepaswa kukaa, kutazama skrini, kuandika namba pembeni na kuitoa amri nyingine. Mtaalamu aliyeijua kazi hiyo aliifanya vizuri kwa kufuata kanuni ambayo ingeweza kuelezwa kwa sentensi mbili, na kanuni inayoelezeka kwa sentensi mbili hukaribisha kuandikwa kama programu.

Aliyeiandika ni Valentin Lab, kwa hati ya bash iliyoitwa dd_rhelp, na hapa ndipo uchanganuzi wa taarifa za hali ulipofikia kilele chake kama mbinu ya uokoaji. Hati hiyo haikusoma diski yenyewe hata kidogo. Iliiita dd_rescue, ikaiachia isome mpaka makosa yazidi kiwango, ikaikomesha, kisha ikaipitia batli iliyoachwa na dd_rescue ili kutambua ni kutoka nafasi ipi hadi ipi data zilipatikana na ni wapi ziliposhindikana. Baada ya hapo ilikokotoa eneo kubwa zaidi lililobaki bila kuguswa, ikaruka hadi katikati yake, na kuiita dd_rescue tena kutoka hapo, mbele na nyuma. Kwa njia hiyo sehemu nzima za diski zilivunwa kwanza na madoa yakaachwa mpaka mwisho, na kwa kuwa batli ilibaki katika diski salama, kazi iliyokatizwa na umeme iliweza kuendelezwa kwa kuisoma batli upya. Maandishi yaliyotungwa ili kumpa mtu habari yalikuwa yamegeuka kuwa kumbukumbu pekee ya mfumo mzima.

Ujenzi wa namna hii unastahili heshima zaidi kuliko inayopewa na waandishi wa programu wa siku hizi, ambao huudharau kwa urahisi. Hata hivyo udhaifu wake ulikuwa katika msingi. Programu ya dd_rescue ilitaja nafasi kwa kilobaiti za baiti 1,024 pamoja na tarakimu moja ya desimali, jambo lililotosha kwa usahihi kamili kwa kuwa sekta ya baiti 512 ni nusu ya kilobaiti, lakini bash hukokotoa namba kamili peke yake na haiwezi kuijumlisha nusu hiyo moja kwa moja, hivyo desimali ilibidi ishughulikiwe kwanza kama maandishi. Zaidi ya hayo, umbo la batli halikuwa mkataba. Garloff alikuwa huru kubadilisha neno, nafasi tupu au kipimo katika toleo lolote lililofuata, kwa nia njema ya kumsaidia mtu anayesoma, na kila badiliko la aina hiyo liliweza kuifanya hati ya dd_rhelp iamini kwamba eneo lililookolewa halijaguswa, au kinyume chake. Kosa la kwanza hupoteza muda tu. La pili hupoteza data, na huzipoteza kimya kimya.

Mwaka 2004 Antonio Diaz Diaz, Mhispania ambaye pia ndiye mtunzi wa programu ya kubana data ya lzip, alianza kutoa ddrescue chini ya mradi wa GNU. Ukaribu wa jina hilo na dd_rescue umewachanganya wengi, na mfumo wa Debian uliuzidisha mkanganyiko huo kwa kuwa kifurushi chake kilichoitwa ddrescue kilibeba programu ya Garloff, huku programu ya Diaz ikiwekwa katika kifurushi cha gddrescue. Hati iliyodhani imesakinisha moja ikapata nyingine ilikuwa inachanganua lugha isiyoijua. Programu mbili hizi hazikuchangia msimbo. Ile ya Diaz iliandikwa kwa C++ na ikaunganisha ndani ya chombo kimoja kazi mbili ambazo awali zilikuwa zimegawanywa kati ya dd_rescue na dd_rhelp, yaani kusoma na kuamua mahali pa kusoma, hata Lab mwenyewe akaja kuwaelekeza watumiaji wake kwenye ddrescue kama mbadala unaofaa wa hati yake.

Tofauti kubwa, na ambayo kwa mtazamo wa makala hii ndiyo uvumbuzi wenyewe, haikuwa kasi wala lugha ya C++. Ilikuwa faili dogo la maandishi ambalo ddrescue huliweka kando ya nakala, lililoitwa kwanza faili la batli na kisha, kuanzia toleo 1.20 la mwaka 2015, faili la ramani. Badiliko la jina lilikuwa halali, kwa kuwa batli husimulia yaliyotokea kwa mpangilio wa wakati, wakati faili hili halisimulii kitu, bali hueleza hali ya kila sehemu ya diski kama ilivyo sasa. Baada ya mistari ya maelezo inayoanza kwa alama ya #, huja mstari mmoja wa hali unaotaja nafasi iliyofikiwa na hatua inayoendelea, ambao matoleo ya baadaye yaliuongezea namba ya mzunguko, kisha hufuata orodha ya maeneo, kila eneo kwa mstari wake wenye mambo matatu: mahali linapoanza, ukubwa wake, na alama moja ya hali. Namba huandikwa katika mfumo wa kumi na sita, unaotumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F, na alama ni tano tu. Alama ya kuuliza ni eneo ambalo halijajaribiwa. Nyota ni eneo lililoshindikana ambalo kingo zake hazijapunguzwa. Mkwaju ni eneo lililoshindikana ambalo halijakwanguliwa sekta kwa sekta. Kistari ni sekta mbovu. Alama ya kujumlisha ni eneo lililookolewa.

Mistari miwili ya ramani kama hiyo yaweza kusomeka hivi:

0x00000000  0x00A40000  +
0x00A40000  0x00000200  -

Maana yake ni kwamba baiti 10,747,904 za mwanzo zimeokolewa zote, na sekta moja ya baiti 512 inayozifuata imeshindikana. Mtoto wa shule aliyefundishwa mfumo wa kumi na sita aweza kuihakiki, na programu ya mistari michache yaweza kuichanganua bila kujua lolote kuhusu upana wa skrini au lugha ya mfumo. Mpangilio wa alama unafuata hatua za kazi yenyewe. Kwanza ddrescue hunakili kwa bloku kubwa na kuruka haraka palipo na kosa au panaposomeka polepole, ikienda mbele na kisha nyuma katika mizunguko kadhaa. Halafu hupunguza kingo za maeneo yaliyorukwa. Halafu huyakwangua sekta kwa sekta. Na mwisho, mtumiaji akitaka, hurudia sekta mbovu mara kadhaa. Kila hatua hubadilisha alama ya eneo na kuliacha faili likiwa sahihi, nalo huhifadhiwa kila baada ya muda mfupi na pia mtu anapoikatiza kazi, hivyo kuanza tena si jambo la kubahatisha bali ni kuisoma ramani na kuendelea kutoka hapo.

Jinsi msomaji wa pili alivyonufaika huonekana vizuri katika historia ya hatua ya tatu. Maelezo ya programu yaliita eneo linaloonyeshwa kwa mkwaju kuwa lisilogawanywa, na baadaye yakaliita lisilokwanguliwa, kwa sababu mbinu yenyewe ilikuwa imebadilika. Mkwaju ulibaki mkwaju. Kichanganuzi kilichoandikwa kabla ya badiliko hilo la istilahi kiliendelea kufanya kazi bila kuguswa, wakati kile kilichotegemea maneno ya skrini kilihitaji kuandikwa upya.

Skrini yenyewe ilipitia mabadiliko makubwa zaidi. Kwa miaka mingi ddrescue ilionyesha mistari mitatu, yenye kiasi kilichookolewa (“rescued”), ukubwa wa makosa (“errsize”), idadi ya makosa (“errors”), nafasi mbili za kusomea na kuandikia, kasi mbili, na muda uliopita tangu usomaji wa mwisho uliofaulu. Katika matoleo ya nusu ya pili ya miaka ya 2010 ubao huo ulipanuliwa: “errsize” iliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na mgawanyo wa maeneo yasiyopunguzwa, yasiyokwanguliwa na sekta mbovu, pakaongezwa asilimia iliyookolewa, idadi ya makosa ya usomaji na muda unaokadiriwa kubaki. Kwa mtu yalikuwa maendeleo, maana “errsize” ilikuwa ikichanganya sekta zilizokufa kweli na maeneo ambayo yalikuwa yakingoja zamu yao tu, na wengi waliikatia tamaa diski mapema kwa sababu ya namba hiyo. Kwa programu zilizokuwa zikilitafuta neno hilo ulikuwa ukuta. Programu ya DDRescue-GUI, iliyoandikwa kwa Python ili kuwapa watumiaji madirisha na vitufe mbele ya ddrescue, ilibidi iwe na kanuni tofauti za kuisoma skrini kwa makundi tofauti ya matoleo ya ddrescue, kila kanuni ikitaja waziwazi matoleo inayoyafahamu.

Kuna sababu nyingine, ya kihesabu, inayofanya skrini isifae kuwa chanzo cha ukweli. Ili kuutunza upana wa safu zake, ddrescue hufupisha namba kubwa na kupandisha kipimo, hivyo diski ya kawaida inayouzwa kama ya gigabaiti 500, yenye baiti 500,107,862,016, huonekana kama 500107 MB. Tofauti iliyokatwa ni baiti 862,016, yaani zaidi ya sekta 1,600, na hati ambayo ingejaribu kuendeleza uokoaji kutoka nafasi iliyoonekana kwenye skrini ingeyasoma upya, au kuyaruka, maeneo ambayo haikuyakusudia. Vipimo navyo vina mtego wake, kwa kuwa kilobaiti ya ddrescue ni baiti 1,000, isipokuwa mtumiaji aombe vipimo vya mfumo wa mbili, ilhali ile ya dd_rescue ni baiti 1,024. Aliyehama kutoka programu moja hadi nyingine akiwa na kichanganuzi kilekile alikuwa amekosea kwa zaidi ya asilimia mbili kabla hata ya kuanza.

Haifai hata hivyo kudhani kwamba ramani iliiondolea skrini thamani yake. Ramani haina kasi, haina muda unaokadiriwa kubaki, haitaji ni lini usomaji ulifaulu mara ya mwisho, na hizo ndizo habari zinazomwezesha fundi kuamua kama aendelee, aipumzishe diski ipoe, au aache kabisa kabla kichwa cha kusomea hakijakwaruza uso wa sahani. Mambo hayo ni ya wakati upitao, hayana mahali katika faili linaloeleza hali ya diski. Diaz alilijibu hitaji hilo kwa kuongeza mafaili mengine yanayoombwa kwa chaguo maalumu, moja la kuandika kasi na makosa kila skrini inapobadilishwa, jingine la kuandika matukio, jingine la kuandika usomaji mmoja mmoja, kila moja likiwa katika safu zinazosomeka na programu nyingine bila kuigusa skrini. Kwa upande wa ramani, kitazamaji cha ddrescueview huichora kama gridi ya miraba yenye rangi, na hufanya hivyo kwa kulisoma faili moja kwa moja, ili kionyeshe hali ya diski hata wakati ddrescue inaendelea kwenye terminali ya jirani.

Tangu mwaka 2011 kifurushi cha ddrescue kimekuja na programu ya pili, ddrescuelog, ambayo kazi yake ni kuzishughulikia ramani zenyewe: kuzilinganisha, kuziunganisha, kuzigeuza ziwe orodha za bloku mbovu, au kuunda ramani kutokana na orodha kama hizo. Moja ya chaguo zake hujibu swali ambalo hati nyingi za miaka iliyotangulia zilikuwa zikilitafuta kwa kuchanganua skrini, nalo ni kama uokoaji umekamilika. Ddrescuelog hulijibu bila kuandika neno, kwa namba ya kuondokea ambayo kila programu huuachia mfumo inapomaliza, sifuri ikiwa maeneo yote yameokolewa na moja ikiwa bado. Chaguo jingine huomba muhtasari wa ramani, na huo huandikwa kwa maneno, kwa asilimia na kwa safu zilizonyooshwa ili macho yazipende, na hati zinazotaka namba kutoka ndani yake zimerudi kwenye kazi ileile ya kukata maandishi kwa nafasi tupu na nukta mbili, ingawa ramani yenyewe iko hatua moja tu kando.